Sekunde Wanazijua, Bei Hawaijui

Kuna herufi tatu ambazo wakubwa wetu wanazipenda sana: BPO. Ukimsikia waziri ameanza kuzungumzia ajira za vijana, subiri dakika mbili tu, zitamtoka. Kwa msomaji ambaye hajazizoea, maana yake si ngumu. Kampuni ya ng'ambo ina kazi za ofisini ambazo haitaki kuzifanya yenyewe: kujibu simu za wateja, kuingiza hesabu, kuchuja picha chafu, kutia alama kwenye data za kufunzia akili unde. Basi inazitoa kwa kampuni nyingine, na hiyo nyingine inatafuta watu pale ambapo Kiingereza kipo na mshahara ni mdogo. Pale ni kwetu.

Mimi ni mwandishi wa programu, naishi Tuala. Kwa miaka kadhaa niliajiriwa na kampuni moja ya aina hii jijini Nairobi, ambayo sitaitaja jina. Sikuwa napokea simu wala kutia alama picha. Nilikuwa mtu wa hifadhidata. Nilitunza mfumo unaogawa kazi, unaopima muda, na unaotoa hesabu ya malipo kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo biashara hii nimeiona kutoka jikoni, na ninachotaka kusema leo nimekiona huko huko jikoni: mfumo unajua kila kitu kuhusu mfanyakazi, na mfanyakazi hajui lolote kuhusu kazi yake. Hajui mteja ni nani. Hajui mteja analipa kiasi gani. Hajui akidhulumiwa amshtaki nani. Ati hayo yote ni mambo ya "siri za biashara". Mimi nasema ndiyo biashara yenyewe.

Nieleze kwanza tulivyofika hapa, maana vijana wengi wanadhani mambo haya yalianza na Ajira Digital ya mwaka 2016.

Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na kampuni kama KenCall, vituo vya simu vilivyojaribu kugombania kazi za Uingereza na Marekani na Wahindi pamoja na Wafilipino. Wakati ule intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti. Setilaiti ile ya mawasiliano huning'inia juu ya ikweta karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na hata mwanga unachoka kidogo kwa safari hiyo: sauti ikipanda na kushuka imekula karibu robo sekunde. Jibu lako nalo likirudi limekula robo nyingine. Mzungu wa London anasema "halo", kimya, anasema tena "halo", na wewe ndiyo kwanza unajibu ile ya kwanza. Mnaongea kwa kugongana. Juu ya hapo bei ya masafa ilikuwa ya kutisha, mpaka serikali kwa fedha za Benki ya Dunia ikawapa wenye kampuni ruzuku ya intaneti.

Juni 2008 ikazinduliwa Ruwaza ya 2030. BPO ikawekwa kuwa mojawapo ya sekta sita za nguzo ya uchumi, sawa na kilimo na utalii. Lengo lililoandikwa lilikuwa nafasi za kazi 7,500 kufikia 2012. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zikafika Mombasa, na EASSy ikafuata 2010. Halafu Konza. Shamba la ekari 5,000 la Malili, pembeni mwa Barabara ya Mombasa, jiwe la msingi likawekwa na Rais Kibaki Januari 2013. Sisi wa Kajiado tuliambiwa mji huo utatuinua hata sisi, kwa kuwa uko mpakani mwetu. Madalali wa ploti waliamini kabla ya wahandisi.

Tuliambiwa tatizo ni waya, na waya ukaja. Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu: bei ya intaneti ilishuka kweli, na mimi mwenyewe nisingekuwa na kazi bila waya ule. Lakini waya haukuleta kazi ile tuliyoahidiwa. Kazi ya simu, ambayo angalau ina zamu, kiti, hedifoni, na hati ya mshahara, ilikua polepole. Iliyokua kwa kasi ni kazi ya vipande. Picha moja, sentensi moja, video moja. Vijana huiita taski. Mwaka 2008 Leila Janah alianzisha Samasource, ambayo baadaye ikaitwa Sama, kwa wazo kwamba kazi ndogo ndogo za kidijitali zitawatoa maskini kwenye umaskini. Wazo zuri, na sina shaka mama yule alilimaanisha. Lakini wazo likishaingia kwenye jedwali la bei huwa linabadilika sura.

Sasa nikupeleke kwenye jedwali hilo.

Mfumo wa kugawa taski, ukiufungua ndani, ni meza kadhaa zilizounganishwa. Kuna meza ya wafanyakazi, meza ya kazi, meza ya ukaguzi, meza ya wateja. Meza ya kazi ndiyo inayonona kuliko zote. Ina muda ulioanza na muda uliomaliza, kwa sekunde. Ina sekunde ambazo kipanya hakikuguswa. Ina idadi ya makosa, idadi ya taski zilizorudishwa, na ukitoka kitini unachagua sababu kwenye orodha: chakula, msalani, tatizo la mashine. Kila sababu ina namba yake. Msalani ina namba yake, ndugu msomaji. Kwenye dashibodi ya supavaiza ukipita muda uliopangiwa jina lako linabadilika rangi.

Meza ya wateja ni nyingine kabisa. Mteja haandikwi kwa jina. Anapewa jina la bandia, tuseme Mradi wa Twiga. Anayetia alama kwenye picha za Mradi wa Twiga hajui kama anafundisha gari la kujiendesha, kamera ya duka, au ndege ya kivita. Na katika meza hiyo hiyo kuna safu moja inayoitwa bei ya mteja. Safu hiyo ina ulinzi wake. Supavaiza haioni. Mtu wa rasilimali watu haioni. Kwenye kampuni niliyofanya, walioiona walikuwa wa fedha, mkurugenzi, na mtu wa hifadhidata, kwa sababu mtu wa hifadhidata huwezi kumficha kitu. Kwenye meza ya wafanyakazi kuna safu ya malipo. Safu zile mbili hukutana mahali pamoja tu, kwenye ripoti ya faida, na ripoti hiyo haitoki nje ya chumba.

Sitatoa namba za kampuni ile. Nilitia sahihi mkataba wa siri na sitaki kesi. Lakini sina haja ya kuzitoa, kwa sababu kuna namba zilizokwisha kuanikwa hadharani.

Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilichapisha habari ya kazi ambayo Sama iliifanyia OpenAI, wenye ChatGPT. Wakenya walisoma maandishi ya kutisha, ya unajisi wa watoto, ya mauaji, ya mateso, wakiyatia alama ili mashine ijifunze kuyaepuka. OpenAI ilikubali kuilipa Sama dola 12.50 kwa saa. Aliyekuwa akiyasoma maandishi yale alibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, kutegemea cheo na utendaji wake. Piga hesabu mwenyewe: kutoka asilimia 11 hivi mpaka 16 ya bei. Sama ilijibu kwamba zile dola 12.50 zilikuwa za gharama zote, yaani miundombinu, mishahara na marupurupu, pamoja na wakaguzi na viongozi wa timu. Sawa. Ofisi haijilipii stima. Lakini angalia jinsi tulivyoijua bei yenyewe. Imebidi waandishi wa jarida la ng'ambo wapate nyaraka ndipo mtu wa Nairobi ajue saa yake inauzwa kiasi gani. Mama mboga wa hapa kituoni anajua bei ya gunia la sukumawiki Kitengela na anajua atauza fungu kwa ngapi. Mhitimu wa chuo kikuu mwenye kompyuta mbele yake hajui.

Na hao walikuwa na ofisi. Wa nyumbani wana yao.

Tuala, kwa wasioijua, ni kituo kidogo cha biashara huku Kajiado, kati ya Ongata Rongai na Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ilikuwa malisho ya Wamaasai, ikakatwa ploti. Sasa ni mabati, ghorofa mbili tatu zisizokwisha, maji ya kununua, na fisi usiku. Kodi ni nafuu kuliko Rongai, na Rongai ni nafuu kuliko Nairobi. Kwa hiyo vijana waliomaliza vyuo vya huku wanasogea, kila mwaka hatua moja mbali na lami, na mzigo wao mkubwa wakihama ni laptopu. Ukipita jioni kwenye ploti zetu utaona madirisha yana mwanga wa buluu saa nane za usiku. Hao hawatazami sinema. Wanasubiri taski, kwa sababu Marekani ndiyo kwanza jioni.

Kampuni zinapenda kuita hii "uhuru wa kufanyia kazi nyumbani". Tufanye hesabu ya uhuru huo. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi, lakini mfumo wa hesabu ni ule ule niliokuwa nikiutunza.

Tuseme taski moja inalipa senti 5 za dola, na anayeiuza anasema inachukua dakika moja. Kwenye karatasi hiyo ni dola 3 kwa saa, na karatasi hiyo ndiyo anayopelekewa waziri. Lakini kusoma maelekezo, kusubiri picha ifunguke, kutia alama na kutuma ni dakika mbili. Saa moja unafanya 30. Sita kati ya hizo zinakataliwa. Zimebaki 24, ambazo ni dola 1.20. Halafu ulikaa kwenye kiti saa nane na taski zilikuwepo kwa saa tano tu, nyingine tatu ulikuwa unabofya kitufe cha kuonyesha upya. Saa tano mara dola 1.20 ni dola 6. Gawa kwa nane: senti 75 kwa saa. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni shilingi 97 na senti. Hapo hujanunua tokeni za stima, hujalipa intaneti, na laptopu inazeeka bure.

Umeona mahali pesa zilipopotea? Hakuna mtu aliyeiba. Kila hatari ya biashara imesukumwa kwa mtu mmoja. Seva ya mteja ikiwa nzito, ni dakika zako. Maelekezo yakiwa mabovu mpaka watu wakakosea, ni taski zako zilizokataliwa. Mteja akikosa kazi, ni usiku wako. Stima ikikatika Tuala, na huku hukatika hata mvua ikitishia tu, ni zamu yako. Agosti 25, 2023 stima ilipozimika karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani, mashirika makubwa yaliulizwa na magazeti yamepata hasara gani. Kijana wa ploti jirani yangu aliipokea hasara yake kwa njia ya alama ya utendaji iliyoshuka. Mfumo uliandika "hakuwepo". Hauna namba ya sababu inayoitwa Kenya Power.

Intaneti nayo. Faiba imefika sehemu za huku kwa wauzaji wadogo wadogo, wengine wazuri, wengine wanakatika kila fisi akipita. Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023 wengi walichanga wakanunua sahani moja kwa ploti nzima. Kisha Novemba 2024 Starlink ikatangaza kuwa nafasi zimejaa Nairobi na kaunti jirani, Kajiado ikiwemo, ikaacha kupokea wateja wapya kwa muda. Aliyechelewa akabaki na bando za simu. Kampuni ya BPO yenye ofisi ina laini mbili za faiba na jenereta, na gharama hizo zimo ndani ya bei anayolipa mteja. Anayefanyia kazi nyumbani analipa mwenyewe, na bei ya mteja haikushuka kwa ajili yake. Tofauti hiyo inaenda wapi? Iko kwenye ile safu isiyoonekana.

Kuna tabaka jingine ambalo hata kwenye hifadhidata halipo. Akaunti za kukodi. Majukwaa mengine hayapokei watu wapya, au yanataka mtu wa nchi fulani, kwa hiyo mwenye akaunti nzuri anaikodisha kwa asiye nayo na kumkata sehemu ya mapato. Anayefanya kazi kwa kweli hana jina popote. Akiugua, akidhulumiwa, akifutwa, hajawahi kuwepo. Mtindo huo uliota kwanza kwenye ile biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, ambayo New York Times iliianika mwaka 2019, na wazee wetu wa kanisani hawapendi itajwe. Sipendi biashara ile. Lakini nikiangalia mnyororo wa mteja, jukwaa, wakala, mwenye akaunti, halafu kijana wa Tuala mwishoni, sioni ulivyo tofauti na ule wenye leseni na picha ya rais ukutani, isipokuwa huo wa pili una mkeka mwekundu.

Nisionekane nalinganisha kila kitu na kila kitu. Mwaka 2024 CCI ilifunguliwa kituo kikubwa cha simu pale Tatu City, na kazi ya namna hiyo, yenye mkataba na zamu inayolipwa hata simu zisipoita, mimi siipigi vita. Tofauti ni nani anayebeba saa tupu. Kituo cha simu kikikosa simu, kampuni inalipa watu waliokaa. Jukwaa la taski likikosa taski, wewe ndiye unayelipa. Mwanasiasa anapozihesabu zote pamoja kama "ajira" anachanganya maziwa na maji kisha anatupimia kwa lita.

Sasa tufike kwenye jambo linalonifanya niandike leo, nalo ni sheria.

Daniel Motaung alitoka Afrika Kusini kuja Nairobi kufanya kazi Sama, akichuja maudhui ya Facebook. Alifukuzwa mwaka 2019 baada ya kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki. Mei 2022 aliishtaki Sama pamoja na Meta, wenye Facebook. Meta ikasema haistahili kushtakiwa Kenya: haina ofisi huku na si mwajiri wa mtu huyo. Ukiwa mwandishi wa programu unautambua mtindo huo mara moja. Unaweka tabaka katikati, na kila tabaka linasema halijui lililo juu yake. Programu zangu zimejengwa hivyo na zinafanya kazi vizuri. Lakini mtu si programu. Maelekezo ya kazi ni ya Meta, mfumo wa kuchujia ni wa Meta, kipimo cha usahihi ni cha Meta, na kichwa kinachouma ni cha Nairobi.

Sama ilipotangaza Januari 2023 kuwa inaacha kazi ya kuchuja maudhui, wafanyakazi kama 260 walikuwa njiani kupoteza kazi, na mwaka huo 184 wakaenda mahakamani. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ilikuwa imeshasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Mei 1, 2023, sikukuu ya wafanyakazi, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi hizi walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa ya Meta. Na Desemba 2024 ikajulikana kwamba daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kenyatta aliwapima wachujaji zaidi ya 140 na kuwakuta wana maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko. Zaidi ya 140, kwa kazi ya kukaa kwenye kiti.

Mahakama zetu zilifanya jambo ambalo sikulitegemea. Walilitazama lile tabaka la katikati wakasema: tunaona hadi upande wa pili.

Na serikali ikafanya nini? Mwaka huo huo wa 2024 ukapelekwa Seneti muswada wa kurekebisha sheria za biashara. Ndani yake BPO ikatafsiriwa, na ikapendekezwa kwamba kampuni iliyosajiliwa Kenya ndiyo itakayobeba madai yote ya wafanyakazi, yawe ya ajira au mengine, na mteja wa ng'ambo asishtakiwe. Desemba Rais Ruto akiwa na wadau Nairobi aliwaeleza wenye kampuni jinsi walivyosumbuliwa na kesi zile, akawahakikishia kuwa sheria inabadilishwa wasipelekwe tena mahakamani. Nilisikiliza mara mbili nikidhani sikusikia vizuri.

Fikiria maana yake kwa lugha ya jedwali. Safu ya bei ilikuwa imefichwa na kampuni. Safu ya mteja ilikuwa imefichwa na kampuni. Mahakama ikazifungua. Kisha bunge likaombwa lizifunge tena, safari hii kwa sheria ya nchi. Kampuni ya katikati ambayo inabaki kubeba lawama yote ni kampuni inayoweza kufunga ofisi Ijumaa na kufungua kwa jina lingine Jumatatu. Viti vya kukodi, kompyuta za kukodi. Ukiishinda kesi utakamata nini, hedifoni?

Najua jibu litakalokuja. Mkono mtupu haulambwi. Tukiwabana wateja watahamia Ufilipino, au Ghana, au kwa mashine yenyewe. Wenye biashara hii wanapenda pia ile ya cha mvunguni sharti uiname, na kweli vijana wetu wameinama; ila kilichokuwa mvunguni kinachukuliwa na mwingine.

Hoja ya kuhama naijibu kwa ukweli mmoja. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la Scale AI lililokuwa limejaza vijana wa Kenya, lilifunga kazi zake nchini. Watu waliamka wakakuta hawawezi kuingia. Hapakuwa na chama kilichowatisha. Hapakuwa na kesi dhidi yao. Hapakuwa na sheria ngumu. Tulikuwa rahisi kabisa, kimya kabisa, na wakaondoka. Kama urahisi ungekuwa kamba ya kumfunga mteja, tungekuwa nao hadi leo. Huku ploti zetu miezi ile nyumba kadhaa zilibaki wazi, na yule jamaa wa faiba akaanza kupiga simu kuuliza wateja wake wamehamia wapi.

Sidai mambo ya ajabu. Nadai vitu ambavyo najua vinawezekana kwa sababu nimeshika mfumo kwa mikono yangu. Mfumo unaojua ulikaa msalani sekunde ngapi unaweza kukuonyesha, kwenye hati yako ya malipo, mteja alilipa kiasi gani kwa saa yako. Mfumo unaoandika sekunde za kipanya kutulia unaweza kuandika sekunde ambazo taski hazikuwepo, ukazilipa hata kwa nusu. Taski iliyokataliwa iwe na sababu iliyoandikwa na mtu, na pa kukata rufaa, na ikiwa haikulipwa basi mteja asiitumie. Akaunti isifungwe na mashine peke yake bila mwenyewe kusikilizwa. Na jina la mteja lijulikane kwa anayemfanyia kazi, ili mtu aamue kama anataka kufundisha ndege ya kivita au hataki. Wahandisi wenzangu mlio ndani mnajua haya si miezi sita ya kazi. Kuionyesha ile safu ni swali la mistari minne kwenye hifadhidata. Safu ipo. Imejaa. Inasasishwa kila usiku saa sita.

Kinachokosekana ni ruhusa tu, na ruhusa ni jambo la sheria. Ndiyo maana wa Kajiado mwenye namba ya seneta wake ampigie amuulize msimamo wake juu ya kifungu kile cha BPO. Maoni ya mtu anayelipwa kwa taski yana uzito kuliko yangu.

Walio ndani ya kazi hizi, wa ofisini na wa nyumbani, niachieni maoni hapa chini: mnalipwa kwa saa au kwa taski, na muda wa kusubiri unahesabiwaje? Msitaje kampuni wala jina lenu. Anayetumia kompyuta ya kazini asiandikie huko, maana hata hilo lina safu yake.